Sahihi Niliyotia kwa Ajili ya Kombe

Barafu yetu ya kwanza ilikuwa ya samaki. Nawaambieni hili ninyi vijana mnaosomea kuhudumia wanamichezo, mnaofundishwa kwenye vyumba vyenye vitanda vya kupanda na kushuka kwa kubonyeza, ili mjue kazi hii ilianzia wapi kwetu. Asubuhi ya mechi nilikwenda soko la samaki hapa Bagamoyo na ndoo mbili, nikangoja wachuuzi wamalize kupanga changu na vibua vyao, kisha nikaomba barafu iliyobaki. Wachezaji wetu walijulikana ligi nzima kwa harufu. Kuna mchezaji wa Dar aliyemlalamikia mwamuzi kwamba hawezi kumkaba mtu anayenuka dagaa. Mwamuzi akamwambia amkabe kwa mbali.

Jina langu Leokadia. Wazazi wangu walikuwa walimu Lugoba, mimi nikasomea uuguzi, nikapangiwa zahanati hapa mjini. Nilihudumia timu moja ya mpira wa kikapu kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa na jina lake rasmi, lakini watu wote waliiita Chumvi, kwa sababu mwenyewe, Mzee Athumani Kibwana, alikuwa na mashamba ya chumvi. Wachezaji walikuwa waajiriwa wake. Walivaa jezi, walisaini mikataba, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao.

Wiki yangu ya kwanza niliharibu. Mchezaji aliteguka kifundo cha mguu, nami kwa kujiamini kwangu kote nikamkandia maji ya moto. Baada ya saa moja kile kifundo kilikuwa kama fenesi. Timu ilikuwa na mchuaji wa zamani, Mzee Chande, Mzigua wa Pangani, ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la tiba hata siku moja. Alikitazama kile kifundo, akanitazama mimi.

"Sista," akasema, "mguu umeomba maji baridi, wewe umeupa uji."

Hakunisema zaidi ya hapo. Aliniketisha kando yake, akanishika vidole na kuvipitisha juu ya misuli ya yule kijana, polepole, hadi nikapata mahali palipokuwa pa moto kuliko pengine. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema usimuulize mchezaji kama anaumwa, kwa sababu mchezaji atakudanganya. Muulize jana alipandaje ngazi, alilalia upande gani, viatu alivaa mwenyewe au alivalishwa. Majibu ya maswali hayo hawajui kuyatunga. Vitabu vyenu siku hizi vinasema hivyohivyo kwa maneno marefu.

Sasa nataka niwaeleze kuhusu wenye timu, maana mnapoajiriwa mnadhani bosi wenu ni kocha. Kocha hupita. Tulikuwa na makocha saba. Timu ilibaki na sura ya mwenye timu, mema yake na mabaya yake.

Mzee Athumani alikuwa mkali. Aliketi kwenye benchi pamoja na wachezaji, kanzu imepandishwa hadi magotini kwa joto, akafoka mchezo mzima. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na mechi kubwa, na mfungaji wetu bora alikuwa na kifundo kibovu. Mzee akanifuata chumbani.

"Binti, anaweza kusimama?"

"Shikamoo, mzee. Kusimama anaweza. Akiruka, hawezi kutua."

"Kwani lazima atue?"

"Mzee, wote wanaoruka hutua."

Alitukana tusi nisiloweza kuliandika, akaipiga teke ndoo yangu ya barafu, ikamwagika chumba kizima. Kisha akatoka na kumwambia kocha, nikiwa nasikia, "Sista amekataa. Tafuta mwingine." Tukafungwa vibaya. Kesho yake niliingia kazini nikidhani nimefukuzwa. Mzee alinipita mlangoni, akasema, "Nimekuletea ndoo mpya," akaenda zake. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na miwili, hakuna aliyeingia uwanjani nikiwa nimekataa.

Msimfanye malaika. Mzee huyohuyo aliivunja timu ya wasichana kwa alasiri moja, kwa sababu mwalimu wao alimjibu mbele za watu. Wasichana kumi na wawili walikuja mazoezini wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mmoja wao nakutana naye mpaka leo Chalinze, anauza chakula kwa madereva wa malori, na kila akiniona anainua mkono wake wa kulia kama mtu anayerusha mpira, anacheka. Mimi sicheki. Siku ile nilikuwa ndani ya uzio, na sikusema neno.

Mzee alipofariki, timu ikaenda kwa mwanawe, Murtadha. Huyu hakuwahi kufoka. Alikuwa amesoma, mpole, anakuamkia kwanza hata kama wewe ndiye uliyechelewa. Akamleta mkurugenzi mtendaji kutoka Dar, Bwana Nestori, mtu nadhifu mwenye viatu ambavyo vumbi la Bagamoyo halikuwahi kuvishinda. Walitutengenezea sakafu ya mbao badala ya saruji iliyokuwa ikitafuna magoti. Walinunua mashine ya barafu. Nilishukuru, siwafichi. Nilidhani Mungu ametukumbuka.

Kisha tukaitwa kwenye kikao, hotelini, tukaonyeshwa karatasi yenye mchoro wa uongozi. Masanduku na mishale. Mwanzo taarifa yangu ilikwenda kwa kocha, na kocha alikuwa hana ruhusa ya kuipinga. Kwenye mchoro ule mshale wangu ulipita kando ya kocha ukapanda ofisini kwa mkurugenzi. Mzee Chande, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliutazama ule mshale akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hapa neno lako linafika wapi?" Nikamwambia linafika juu zaidi. Nilimwona mzee wa kizamani asiyeelewa mambo ya ofisi.

Mchezaji ninayetaka kuwasimulia ni Idrisa. Alikuwa nahodha wetu, mtoto wa Mji Mkongwe hapahapa, mrefu, mwenye mikono mirefu iliyofika mahali ambapo ya wenzake haikufika. Baba yake alikuwa ameshafariki. Aliishi na mama yake, Bi Mwanaidi, ambaye anashona sare za shule. Idrisa hakuwa mfungaji wa sifa. Alikuwa mtu wa kupanga wenzake. Angeweza kukuambia mchezo wa miaka mitatu iliyopita, nani alimpa nani mpira, na nani alikuwa amesimama mahali pasipo pake.

Katika nusu fainali aliruka kudaka mpira, akasukumwa akiwa hewani, akaanguka chali. Kichwa kiligonga zile mbao zetu mpya. Nilisikia mlio wake kutoka kwenye benchi. Alikaa chini kidogo, akainuka mwenyewe, watu wakampigia makofi. Nilimtoa. Nilimuuliza tunacheza na nani, akanijibu sawa. Nilimuuliza nusu ya kwanza tulikuwa na alama ngapi. Yeye, Idrisa, asiyesahau kitu, akanitazama kama nimemuuliza kwa Kichina.

Vijana, kifundo kikiumia kinavimba, kila mtu anaona. Ubongo ukitikiswa hauonyeshi kitu. Mtu anatembea, anacheka, anakula. Kama akipigwa tena kabla haujatulia, hata pigo dogo, linaweza kuwa la mwisho. Nililijua hilo. Nimelisomea. Nikaandika: asicheze, asifanye mazoezi, apumzike wiki mbili, kisha apimwe upya. Nikaipeleka karatasi kule mshale ulikoelekea.

Fainali ilikuwa siku tano mbele.

Siku ya tatu nilimpima. Nilimwambia ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Desemba, Novemba, Oktoba, Agosti.

"Rudia," nikasema.

Akarudia, akairuka Septemba tena. Akacheka. "Sista, hata nikiwa mzima siwezi hiyo."

"Mwanga unakuumiza?"

"Hapana." Lakini alikuwa amekaa amelipa mgongo dirisha. Kisha akanishika mkono. "Sista, usinikatae. Hii fainali sitaipata tena. Nimepona, wallahi."

Siku ya nne, saa nane mchana, niliitwa ofisini. Walikuwepo Murtadha na Bwana Nestori. Walinikaribisha chai. Mezani kulikuwa na fomu ya kuthibitisha kwamba mchezaji yuko tayari, jina la Idrisa limeshachapwa, imebaki nafasi ya sahihi.

"Mama," Murtadha alisema, "mimi si mtaalamu, wala sitaki kukuingilia. Nakuuliza tu nielewe. Una uhakika kwamba atadhurika?"

"Hakuna mwenye uhakika huo, mwanangu."

"Kwa hiyo anaweza asidhurike."

"Anaweza."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema amepona."

Bwana Nestori akasema taratibu, "Sista, fainali hii ndiyo itakayoamua timu hii itakumbukwa kwa lipi. Baba yake Murtadha aliijenga miaka yote hiyo, akafa bila kombe. Hatutaki kukulazimisha. Tunachotaka ni ushirikiano."

Nikaisogeza fomu karibu yangu. Nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyesema nitafukuzwa. Ningesimama nikasema hapana, labda wangetafuta mtu mwingine, labda wasingempata kwa siku moja. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa nimeketi kwenye kiti laini, nimepewa chai, naitwa mama, na kwa sababu nilitaka kombe. Miaka yote ile ya kubeba ndoo za barafu ya samaki, nilitaka nilione na mimi. Nikaandika jina langu lote. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Tukaenda Dar. Idrisa alicheza vizuri robo mbili za kwanza, nami nikaanza kujiambia kwamba nilikuwa mwoga bure. Robo ya tatu mchezaji wa upande wa pili alimgusa kwa bega, pembeni ya kichwa. Lilikuwa pigo la kawaida, katika mechi moja utayaona kama hayo mara ishirini. Mwamuzi hata hakupuliza filimbi. Idrisa aliendelea dakika mbili. Kisha akapewa mpira, akasimama nao katikati ya uwanja, akageuka kulitazama goli letu wenyewe, kama mtu aliyepotea njia kwenye mtaa wake. Mashabiki wakaanza kumpigia kelele. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Sikumfikia.

Nilikwenda naye hospitali. Walimpasua kichwa kupunguza damu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, bado nimevaa fulana ya timu, dereva wetu alipokuja mbio.

"Sista, tumechukua kombe," akasema. Alikuwa anatabasamu. Kisha akauona uso wangu, akaondoa kofia, akakaa kando yangu, tukamngoja daktari atoke.

Idrisa hakufa. Watu wengi hapa mjini wanalisema hilo kama habari njema. Alikaa hospitali miezi, akarudi kwa mama yake akiwa hawezi kutembea peke yake, mkono wa kulia umekunjika, maneno yanatoka moja moja, mengine hayatoki. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Klabu ilitoa taarifa. Ilisema mchezaji aliruhusiwa na mtabibu wa timu kwa mujibu wa taratibu. Kila neno la taarifa ile lilikuwa la kweli. Murtadha alizungumza na waandishi wa habari akatokwa na machozi, na nadhani yalikuwa machozi ya haki. Aliliita kombe lile kombe la Idrisa. Walitundika picha yake kubwa kwenye ukuta wa ofisi, ameruka, mikono imenyooka. Misimu miwili baadaye walifarakana, Bwana Nestori akaondoka, jina la timu likauzwa kwa watu wa mkoa mwingine, na wachezaji wakatawanyika. Leo pale uwanjani panaegeshwa malori ya kokoto za Lugoba. Sakafu ya mbao iling'olewa. Sijui ilipelekwa wapi.

Mimi nilikwenda kwa Bi Mwanaidi wiki ya kwanza Idrisa alipotoka hospitali. Nilimkuta barazani na cherehani yake. Nilibisha hodi, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanipotea.

"Bi Mwanaidi," nikasema, "nilijua hajapona. Nikatia sahihi."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Ulikuja kuniuliza?" akasema.

"Nikuulize nini?"

"Mimi ndiye ninayeishi naye. Siku zile nne alikuwa akiniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Alikuwa akisimama jikoni hajui alichofuata. Nilidhani ni uchovu wa mpira. Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia."

Mzee Chande alikuwa amenifundisha kuuliza jana alipandaje ngazi, na ngazi zenyewe zilikuwa mtaa wa tatu kutoka nyumbani kwangu. Fomu ile haikuwa na nafasi ya mama wa mchezaji, nami nikaifuata fomu.

Bi Mwanaidi akachukua sketi nyingine ya shule, akaiweka chini ya sindano. "Kumnyoosha ule mkono sina mtu," akasema bila kunitazama. "Njoo kesho saa nne."

Nilikwenda. Nimekuwa nikienda mara tatu kwa wiki, miaka tisa sasa. Sijui kama amenisamehe. Hajasema, nami sijauliza, na sidhani nina haki ya kuuliza. Tukimaliza mazoezi ananipa chai na mkate wa kumimina, tunazungumza habari za bei ya kitambaa.

Mwezi uliopita Murtadha alikuja nyumbani kwangu. Ameanza kuota mvi. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikampa maji. Akaniambia anataka kuifufua Chumvi. Amepata washirika, kutakuwa na uwanja mpya nje ya mji, na wataanza na sherehe ya kulikumbuka lile kombe. Wachezaji wa zamani wote wataalikwa. Mimi nitapewa cheti. Idrisa ataketi mbele kabisa, na uwanja utaitwa kwa jina lake.

"Mama, naomba unisaidie kuzungumza na Bi Mwanaidi," akasema. "Wewe anakusikiliza. Tunataka kuienzi historia ya timu."

"Katika hiyo historia," nikamuuliza, "mtasema nani alitia sahihi, na nani aliiweka ile fomu mezani?"

Alitazama mikono yake. "Mama, hayo yalishapita. Tukianza hayo, hao washirika wataondoka."

"Basi wataondoka."

"Na hawa vijana watakaokosa timu?"

Hilo swali lilinichoma, nawaambia kweli, kwa sababu lina maana. Mji huu hauna timu, na vijana warefu wako tele wamekaa vijiweni. Lakini nilikwishasikia sauti hiyo ya upole mara moja, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nikamwambia nimeandika maelezo yote ya siku ile, kuanzia nusu fainali mpaka korido ya hospitali, jina langu likiwa la kwanza kati ya waliokosa, na nimeyapeleka kwa chama cha mchezo huu, chenye kazi ya kusajili timu mpya. Nikampa nakala. Aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaniaga kwa adabu ileile. Bado sijajibiwa na chama. Labda sitajibiwa.

Ninyi mtaajiriwa na watu kama hawa. Wengi wao si wabaya, na hapo ndipo pagumu. Siku ya kwanza kazini ulizeni neno lenu linaishia kwa nani, na kama ni kwa mtu anayetaka kombe, ombeni libadilishwe kabla hamjafungua hata boksi la bandeji. Wakikataa, ondokeni mkiwa bado hamjamzoea mtu. Mkishazoea mtakunywa chai.

Ujumbe wa Murtadha niliufikisha, kwa kuwa niliombwa, na mwenye kuamua si mimi. Bi Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza sherehe ni siku gani. Nikamwambia ni Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Waambie Jumamosi saa nne mwanangu hana nafasi," akasema. "Ana mazoezi ya kushika kijiko."

Jumamosi ikafika, saa nne ikatukuta barazani. Muziki wa sherehe ulisikika kutoka upande wa barabara kuu, kisha upepo ukauchukua. Nilimwekea Idrisa kijiko kwenye mkono wa kulia, nikamfunga vidole kimoja kimoja. Mama yake akaweka bakuli la uji mbele yake. Mara nne alikifikisha mdomoni. Ya tano kikaanguka, nikainama kukiokota.